Maji ya Boila

Siku mashine ilipoletwa, sisi wanawake ndio tuliofagia uwanja ili ipite. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo linaniuma. Tuliambiwa tuje mapema, lori linakuja na mgeni mkubwa, basi tukaja na mafagio yetu ya chelewa, themanini na sita wote, tukafagia kutoka getini mpaka mlango wa ghala, kisha tukamwagia maji ili vumbi lisiruke. Maji! Newala hii ninayoijua mimi, mtu anamwaga maji chini ili mashine isipate vumbi. Tena tukaimba. Lori liliposimama tukapiga vigelegele, na aliyeanzisha ni mimi, maana koo ninalo.

Jina langu ni Bibiana, ila hapa Chilangala watu wananiita Mama Huruma. Ghala lile lilikuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa na soko likawa huria, likauzwa kwa tajiri mmoja wa Dar es Salaam, naye akafungua kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Mimi nilibangua pale miaka sita. Kazi yenyewe si ya mtu mvivu. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakikugusa yanaunguza ngozi, na dawa yake ni majivu. Unachovya vidole kwenye majivu, unaweka korosho juu ya jiwe, unagonga kwa kirungu mara moja tu, ganda linapasuka na korosho inatoka nzima. Ukigonga mara mbili umeivunja. Mimi sikuwa nagonga mara mbili. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa ajili ya kazi ile na sikuwahi kuvificha, hata kanisani.

Meneja wetu alikuwa Cuthbert, kijana wa Masasi, mtoto wa mwalimu, familia ya misheni tangu mababu. Mama yake niliimba naye kwaya tukiwa wasichana. Mtoto mwenye adabu, hapiti bila shikamoo. Wiki tatu baada ya mashine kusimikwa akatukusanya uwanjani, akatuamkia, akatushukuru mpaka tukaanza kuogopa. Akasema mashine inapika korosho kwa mvuke na kuzikata yenyewe kwa visu vyake, wanaotakiwa ni watu kumi na wawili tu, na wawe wanaume kwa sababu ya uzito.

"Na sisi?" Fatu akauliza. Fatu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

"Nyinyi mama zangu mtapumzika sasa."

"Mwanangu Cuthbert," nikamwambia, "aliyekwambia tumechoka ni nani?"

Aliangalia saa yake, akasema dunia inabadilika na lazima twende na wakati. Tukaenda na wakati, nyumbani, na virungu vyetu mikononi.

Sasa sikiliza balaa. Katika wale kumi na wawili, wa tatu kuitwa jina alikuwa mwanangu Huruma. Alikuwa amerudi kutoka Lisekese kule Masasi, alikokuwa akiendesha mashine ya kusaga, kwa hiyo mambo ya mashine anayajua. Wakampa boila, yaani lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji yatoe mvuke. Yeye na mkewe Esther na mtoto wao Dorothy, ambaye hakuwa hata na mwaka, walikuwa wanakaa kwangu, uwanja mmoja, kisima kimoja. Nilipolalamika, watu wakanicheka usoni. Mama Huruma, wewe mbona mwanao kapata, unalia nini? Nikanyamaza. Haki ya Mungu nilinyamaza miezi miwili, na walionizaa wangesikia hivyo wangebisha.

Boila ile walikuwa wanaichochea kwa maganda ya korosho. Cuthbert alijisifia sana jambo hili mbele ya wageni. Hatukati hata mti mmoja, alikuwa akisema, huu ni ufundi wa kisasa unaotunza mazingira. Maganda yale yale yenye mafuta makali! Moshi ulikuwa unatoka bombani mweusi, mzito, unaliacha paa la ghala unakuja kutua kijijini kwetu, maana upepo wetu unavuma upande huo karibu mwaka mzima. Sisemi uongo, na sisi tulipokuwa tukikaanga korosho kwenye mapipa tulikuwa na moshi wetu. Lakini ule ulikuwa moshi wa asubuhi moja, unatupalia sisi wenyewe, basi. Huu wa boila ulitoka tangu alfajiri mpaka magharibi, siku sita za wiki. Ukianika nguo nyeupe unaanua ya kijivu, na ukiishika inanata.

Mgeni wa huku juu hajui kwa nini nguo si hoja. Huku hakuna mto. Chemchemi ziko bondeni, kushuka saa mbili, kupanda saa tatu na ndoo kichwani, na magoti yako uyasahau. Kwa hiyo bati la nyumba ndiyo chemchemi yetu. Kila mwenye bati ana kisima cha saruji pembeni, na bati la kukingia linaloleta maji ya mvua ndani, na mfuniko, na kufuli. Mvua za Desemba mpaka Aprili ndizo utakazokunywa mpaka Desemba nyingine. Ukizikosa, mwaka mzima ni wa bondeni.

Mwezi wa nane nikapanda ngazi, nikafuta bati langu kwa kitambaa cheupe, nikampelekea Cuthbert kitambaa kile ofisini. Kilikuwa cheusi tititi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ona paa langu hili."

Akakiangalia. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba moshi hupanda juu.

"Na ukishapanda, unaenda kulala wapi?"

"Mama, mvua ikinyesha itaosha."

"Mvua ndiyo tunayokunywa, Cuthbert! Mvua ndiyo tunayokunywa!"

Kwao Masasi wanachimba visima na mabomba wanayo, sijui kama alinielewa. Alinipa soda. Nikainywa, kwa kuwa jua lilikuwa kali, lakini sikumshukuru.

Sasa nitasema kosa langu, maana wengine watalisema kama sitalisema mimi. Huku kwetu mvua ya kwanza haikingwi. Mtoto mdogo anajua. Inaponyesha ya kwanza, unageuza bati la kukingia liangalie pembeni, maji yanamwagika shambani mpaka paa liwe limeoga, ndipo mvua ya pili unairuhusu kisimani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wenzangu juu ya jambo hili kila mwaka. Lakini mwaka ule mvua ilichelewa. Novemba ikaisha, Desemba ikafika katikati, visima vyote vikavu, nami nilikuwa nimeshuka bondeni mara tatu wiki ile. Mchana wa Jumanne mvua ikaanguka, kubwa, ya ghafla. Nikatoka kugeuza bati. Nikalishika. Nikasikia maji yanavyolia kwenye bati, nikafikiria magoti yangu na ile njia ya bondeni, nikaliacha lilivyo. Kisima kikajaa nusu. Nilisimama pale nimelowa nacheka kama mwehu.

Esther alimchemshia mtoto uji kwa maji yale. Jioni Dorothy akakataa kunyonya. Kesho yake asubuhi mdomo wake ulikuwa umeota malengelenge, ulimi umechubuka, analia bila sauti. Tulimkimbiza zahanati, nesi akasema mdomo umeungua, akauliza amelishwa nini. Mimi nilijua. Nilivijua vidonda vile, nimevibeba vidoleni miaka sita. Nikafungua mfuniko wa kisima na kuona utando mweusi wa mafuta umeelea juu ya maji. Nikakaa chini nikalia, kwa uchungu na kwa hasira, na hasira ya kwanza ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mtoto alipona baada ya wiki, Mungu ashukuriwe. Lakini sikiliza sasa. Fatu, aliyeimwaga mvua ya kwanza kama inavyotakiwa, akakinga ya pili. Utando mweusi. Waliosubiri ya tatu, vile vile. Mafuta yale hayatoki kwa maji matupu, na hata yangetoka, boila ilikuwa inawaka kila siku, inapaka upya. Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yetu. Moto ule ukiendelea mpaka Aprili, hakuna kisima hata kimoja Chilangala kitakachopata maji ya kunywa, na kijiji kizima kitashuka bondeni mwaka mzima, wajawazito na vikongwe pamoja.

Nikamwambia Huruma. Alikuwa anakula ming'oko, vile viazi vya porini, kwa chumvi, amechoka, masizi masikioni.

"Mama," akasema bila kuniangalia, "mbona na wewe ulikinga mvua ya kwanza."

Aliyasema hayo, mtoto wangu wa kumzaa. Esther akainuka akatoka nje. Mimi nilimalizia kula, maana sikutaka aone kwamba limenipata.

Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji. Cuthbert alikuja na shati jeupe, nikajiuliza analianika wapi. Nilisimama nikasema tunachotaka. Zima moto mpaka mvua ziishe. Sisi tutapanda juu tusugue mabati yetu kwa majivu, maana hiyo dawa tunaijua, mvua zitakazobaki zijaze visima. Mwezi wa tano washa boila yako, na huo moshi tutauzungumza tena. Lilikuwa jambo la akili, hata wanaume walitikisa vichwa kukubali.

Cuthbert akajibu kwamba anatuheshimu sana. Kisha akasema, "Lakini tuseme ukweli. Mila yenu wenyewe inakataza kukinga mvua ya kwanza. Mama Huruma, mtu mzima, amekinga. Mwanawe ndiye aliyenieleza."

Watu wakageuka kuniangalia. Wengine wakacheka chini chini. Nikamtafuta Huruma kwa macho, nikamwona ameinamisha kichwa.

"Ndiyo, nilikinga," nikasema. "Nilikuwa na kiu. Nina miaka hamsini na mitatu, nimekinga mvua ya kwanza mara moja katika maisha yangu, na mjukuu wangu kaungua mdomo. Hilo ni langu, nalibeba. Na hawa walioimwaga ya kwanza na ya pili, kosa lao ni lipi? Waambie, wanakusikiliza."

Akaacha kutabasamu. "Mama, nikizima boila watu kumi na wawili wanakosa kazi. Na mwanao yumo. Ndicho unachotaka?"

"Mlipotuzima sisi themanini na sita, mliniuliza ninachotaka?"

Pale wanawake walipiga kelele, mwenyekiti akagonga meza mpaka kalamu zikaanguka. Mkutano ukafungwa bila neno la maana. Tuliambiwa suala litafikishwa ngazi za juu. Ngazi! Ngazi ninayoijua mimi ni ile ya kupandia batini.

Tulikuwa tunarudi, mimi na Fatu, tunasonya tu njia nzima, ndipo Fatu akasimama. "Hebu, mwenzangu. Boila nayo si inakunywa maji?"

"Inakunywa, tena sana. Huruma anasema mapipa kwa mapipa."

"Inayatoa wapi?"

Tukaangaliana. Inayatoa kwenye tangi la ghala. Ghala lina paa kubwa kuliko mapaa yote ya kijiji, na moshi haulipitii paa lile kwa kuwa bomba la moshi liko upande wetu. Paa safi, tangi limejaa mpaka juu. Tena wale wanaume wa ushirika walioyabeba mabati yale kichwani kutoka barabara kuu ni baba zetu na waume zetu. Fatu akaanza kucheka, nikaanza kucheka mimi, wapita njia wakadhani tumelewa uraka.

Jumatatu asubuhi tulikuwa getini, themanini na sita, kila mmoja na ndoo. Mlinzi ni Hamidu, mume wa Fatu.

"Shemeji," akaniambia, "kuna nini leo?"

"Kuna kiu, shemeji."

Akatuangalia wote, akamwona na mkewe. "Basi mimi sijaona mtu," akasema, akafungua geti na kugeukia ukutani.

Bomba la tangi liko nje, lile lile tulilokuwa tukinywea tulipokuwa na kazi. Tukapanga foleni. Hatukuvunja kitu, hatukutukana mtu. Unajaza, unajitwisha, unapeleka nyumbani, unamimina kwenye mitungi, unarudi nyuma ya foleni. Cuthbert alitoka mbio na kalamu sikioni.

"Huu ni wizi!"

"Wa nini?"

"Maji ya kampuni haya!"

"Haya andika, mwanangu. Andika kampuni imeibiwa mvua."

"Nitaita polisi!"

"Waite," Fatu akasema, "na waje na ndoo zao."

Siku ya kwanza, siku ya pili. Mvua haikunyesha ya kujaza tangi, na lori la maji la Cuthbert lilikwama kwenye tope la mteremko, likabaki huko. Watoto wetu wakanywa maji meupe. Sikujua kama tutashinda, ila nililala vizuri, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mashine ifike.

Siku ya tatu maji ya tangi yalishuka mpaka bomba likaanza kukohoa. Ilikuwa saa nne. Cuthbert akamtoa Huruma ndani, akampa mnyororo na kufuli, akamwambia afunge bomba. Mwanangu akaja amevishika vile vyuma. Zamu ya kujaza ilikuwa yangu, na nyuma yangu kulikuwa na Esther na Dorothy mgongoni.

"Mama, toka kwenye bomba."

"Sitoki."

"Niko kazini, mama."

"Nami niko kazini. Nilikuwa kazini hapa kabla yako. Ukitaka nitoke, nibebe."

Nilitaka anibebe. Nilitaka kijiji kizima kimwone ananibeba. Akasimama pale, jasho linachora mistari kwenye masizi ya uso wake, kisha akaweka mnyororo chini na kurudi ndani. Cuthbert akamfuata, mlango ukabaki wazi, tukasikia kila kitu.

"Acha bomba. Ongeza maganda, tuendelee na maji yaliyomo humu."

"Meneja, maji yako chini ya mstari. Angalia kioo cha kupimia."

"Yanatosha kumaliza mzigo. Mzigo unaondoka Ijumaa!"

"Hayatoshi. Boila ikipikwa kavu inapasuka. Humu tuko watu kumi na wawili, na nje pale ni mke wangu na mtoto wangu na mama yangu."

"Nimesema ongeza!"

Tukasikia chuma kinakwaruza chuma, sauti ndefu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Huruma alikuwa anavuta moto nje. Aliukokota wote kwa reki kupitia mlango wa nyuma, maganda yakiwaka bado, akaufukia kwa mchanga, koleo baada ya koleo, na Cuthbert juu ya kichwa chake anapiga kelele kwamba hana kazi, amefukuzwa, na asikanyage tena pale, na kwamba hakuna kiwanda nchi hii kitakachomchukua. Huruma alimaliza kufukia. Bomba la juu likatoa moshi mwembamba, kisha likaacha.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mimi nilidhani nitapiga, koo lilikuwa tayari, halikutoa kitu.

Mwanangu akatoka kwa mlango wa mbele. Macho yake mekundu, mikono imeungua mpaka kwenye viwiko, ile mikono niliyoilisha kwa kubangua. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Niambie, mama. Sina kazi. Umefurahi sasa?"

Nilitaka kumshika. Nilitaka kumwambia mwanangu nisamehe, lakini kama ningemwambia hivyo nisingekuwa mkweli, kwa sababu ningefanya vile vile tena kesho yake. Nyuma yangu bomba lilikuwa bado linatoa maji, uzi mwembamba, na wanawake walikuwa wanasubiri.

"Sijafurahi," nikasema. "Na mimi sina kazi. Chukua ndoo. Foleni inaanzia kule nyuma."

Akaniangalia kwa chuki kabisa, sikufichi. Kisha akaichukua ndoo mkononi mwa Esther, akaenda kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya Fatu.